Milimita Ishirini na Moja

Karakana ya Hospitali
6 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Pokea salamu zangu na za mama yako mdogo. Sisi wazima, ukiacha magoti yake ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio, na meno yangu ambayo sasa yanahesabika bila kupanua mdomo sana. Macho ya mama yako yanaendeleaje? Mwambie shemeji yake amemkumbuka. Mwambie pia kwamba nilipita makaburini mwezi uliopita nikang'oa majani yote kwa kaka, marehemu baba yako. Pale panapendeza. Miaka miwili sasa, na bado nikipata tatizo la kazi najikuta nageuka kumwuliza.

Kumbe sasa nina wewe. Nisikilize.

Unaujua mnara wa maji wa hapa hospitalini, ule aliojenga baba yako nami nikiwa msaidizi wake. Huko juu kuna uzi tumeufunga, na chini ya uzi inaning'inia timazi, ile kongwe ya chuma yenye ncha. Kwenye zege la chini nilipigilia msumari wa shaba. Mnara ukiwa umenyooka, ncha inatua juu ya msumari. Ukiinama, ncha inasogea mbali nao, nami napima umbali huo kwa rula. Kila baada ya miezi sita nimeandika kwenye daftari langu. Hakuna aliyenituma, ni mazoea tu ya fundi.

Sasa wakubwa wanataka kupandisha tangi la pili juu ya lile la kwanza, maana wagonjwa wameongezeka na maji hayatoshi. Mganga Mkuu kasikia nina daftari, kasema nilete grafu kwenye bodi. Grafu! Mimi najua kuchora bomba na kona zake. Nikamwambia sawa, nikatoka na jasho.

Namba ndizo hizi. Miezi inahesabiwa tangu siku ya ufunguzi. Mwezi wa 6, milimita 33. Wa 12, 45. Wa 18, 58. Wa 24, 68. Wa 30, 81. Wa 36, yaani Januari hii, 93. Makaratasi ya kiwanda yanasema ukomo ni 120, usivuke hapo.

Nichoree uniambie maana yake. Usipige simu ya ofisini. Karani wa pale ana masikio kama ungo.

Baba yako mdogo


Shuleni
19 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Mama anaona jicho moja vizuri, la pili linaona ukungu. Anacheka kwamba sasa anaona nusu tu ya makosa yangu. Mimi mzima. Kidato cha pili mwaka huu ni wanafunzi hamsini na wanane katika darasa la arobaini, na wanne wao wanakaa dirishani. Umenifurahisha kunipa kazi yenye kitu halisi ndani yake. Huwa nawafundisha mstari kwa mifano ya teksi na ndoo, hawaamini hata kidogo.

Grafu nimeiweka ndani ya bahasha hii. Nikueleze ili bodi ikikuuliza usibabaike.

Chini nimelaza miezi, pembeni nimesimamisha milimita. Namba zako sita ni nukta sita. Nilipoweka rula juu yake zilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, isipokuwa ya 18 iko juu kidogo na ya 24 iko chini kidogo. Hiyo ni kawaida, upepo au jicho lako.

Mstari wowote ulionyooka unasema mambo mawili tu. La kwanza ni mteremko wake. Vitabu vinauita hivyo hata pale mstari unapopanda, usinicheke. Chukua nukta mbili zilizo mbalimbali, ya mwezi wa 6 na ya mwezi wa 36. Milimita zimepanda kutoka 33 hadi 93, yaani 60. Miezi imekwenda kutoka 6 hadi 36, yaani 30. Gawanya kupanda kwa kwenda: 60 kwa 30 ni 2. Kwa hiyo mnara unainama milimita mbili kila mwezi, hauchoki wala haupumziki. Mhandisi akikwambia unatulia wenyewe, mwonyeshe. Mstari wa kitu kinachotulia hupinda ukaelekea kulala. Huu haujapinda.

Ukiendelea hivi, utafika 120 katikati ya Februari mwakani. Hapo hawajaongeza tangi la pili.

La pili ni mahali mstari unapoukata ule mhimili wa wima, kule kwenye mwezi sifuri. Hapo ndipo kitu kilipoanzia. Rudi nyuma kutoka mwezi wa 6: miezi sita mara milimita mbili ni 12. Ukitoa 12 kwenye 33 unabaki na 21. Kwa hiyo kanuni ya mnara wako ni hii: zidisha miezi kwa 2, ongeza 21.

Hiyo 21 ndiyo iliyoninyima raha, Baba Mdogo. Mwezi sifuri ni siku ya ufunguzi. Nilitegemea mstari uanzie kwenye sifuri, mnara mpya umenyooka, timazi juu ya msumari. Lakini mstari unasema siku watu wanapiga makofi, mnara ulikuwa tayari umeinama milimita ishirini na moja. Na daftari lako linaanza mwezi wa 6. Siku ya kwanza hamkupima?

Msalimie Mama Mdogo na magoti yake.

Mwanao,
Mwalimu


Karakana
14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, pampu ya wodi ya wazazi ilikufa na nilishinda nayo wiki nzima kama nauguza mtu. Mwambie mama yako jicho moja linatosha, mimi nina mawili na bado nilivaa viatu viwili vyote vya kulia kwenda kazini.

Habari kubwa ni kwamba mama yako mdogo amepata kazi! Hapa hapa hospitalini, chumba cha kufulia. Wanawake sita, mashine mbili za kufulia na meza ndefu ya pasi. Anarudi nyumbani ananuka sabuni, amechangamka. Ana shoga yake huko wanamwita Mama Pasi, mwanamke mrefu, mnyooshaji. Akinyoosha shuka unaweza kulisoma kama gazeti. Mzaha haumwishi mdomoni. Ananiita "shemeji spana".

Chumba chenyewe ndicho kile chenye paa la bati, pale chini ya mnara.

Grafu yako nzuri sana, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu la vifaa. Nimekuelewa habari ya kupanda na kwenda. Ila ile ishirini na moja, mwanangu, nakuomba tuiache. Bodi ni watu wa haraka, wataanza kuuliza mambo ya zamani yasiyosaidia. Je, haiwezekani ukauchora tena, mstari uanzie kwenye sifuri kama ulivyosema mwenyewe ulitegemea? Rula ni yako. Sogeza chini kidogo tu pale mwanzo.

Bodi inakaa tarehe 28. Fanya haraka.

Baba yako mdogo


Shuleni
20 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Mama anakusalimu. Hongera kwa Mama Mdogo, ingawa nilipofika kwenye paa la bati sikuendelea kusoma mpaka nilipokunywa maji.

Nimejaribu ulichoniomba. Sitakuficha, nilikaa mezani na karatasi mpya nikajaribu kweli kweli, kwa sababu ni wewe. Nimeanzia kwenye sifuri nikavuta mstari hadi 93 ya Januari. Ukipita hapo, mwezi wa 6 mstari unasema milimita 15 na nusu. Wewe uliandika 33. Mwezi wa 12 unasema 31, wewe uliandika 45. Nukta zako zote za kati zinabaki zinaelea juu, hakuna hata moja inayougusa. Ili sifuri iwe kweli, lazima niseme ulikosea kupima mara tano mfululizo. Wewe? Uliyenichapa vidole nikiwa na miaka saba kwa kuanza kupima kwenye ukingo wa rula badala ya kwenye alama?

Na tena haikusaidii. Mstari wa uongo unapanda kwa kasi kuliko wa kweli. Kwa nini mtu atake grafu mbaya zaidi, ilimradi tu ianzie sifuri? Nimelifikiria hilo siku mbili. Jibu ni moja: kuna karatasi mahali fulani imeandikwa sifuri.

Siku ya ufunguzi nilimpigia Baba simu kumpongeza. Mama ndiye aliyepokea. Alisema karudi, kavua viatu, kalala mchana na nguo zake za sherehe. Baba hakuwahi kulala mchana maisha yake yote.

Sitakuuliza kuhusu Baba kama hutaki. Nakuuliza kuhusu mnara. Watu wakidhani ulianza umenyooka, watasema msingi ni imara na udongo ndio unaokaa na kujishindilia taratibu. Wakijua ulianza umeinama, watajua msingi ndio mbovu, na hakuna mwenye akili atakayepandisha tangi la pili juu ya msingi mbovu. Hiyo ndiyo kazi ya ishirini na moja. Ipeleke kwenye bodi.

Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka ikuwahi.

Mwanao


Karakana
24 Mei

Mwanangu Mwalimu,

Najua nimekaa kimya. Barua zako zote nilizipata, hata ile kadi ya mama yako. Mkono ulikuwa mzito. Sisi tu wazima. Mama yako mdogo amepandishwa, sasa yeye ndiye anayeshika ufunguo wa chumba cha kufulia, na nyumbani tunamwita Bi Mkubwa wa Mashuka.

Bodi ilikaa. Ilikuwa fupi. Mhandisi alifungua jalada la ufunguzi akasoma, "Siku ya makabidhiano, mwinamo sifuri." Akasema mnara unakaa tu kwenye udongo wake, minara yote hukaa. Mganga Mkuu akanigeukia, "Fundi, una la kuongeza?" Grafu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema sina.

Tangi la pili lilipanda mwishoni mwa Aprili na likajazwa tarehe 2 Mei. Asubuhi ile, kabla ya maji, nilipima 101. Nilichungulia kwenye mlango wa kabati nilikoirudisha grafu: mwezi wa 40 mara mbili, ongeza ishirini na moja. Mia moja na moja kamili. Nilisimama pale nikaona kama mtu ananiangalia.

Sasa napima kila Jumamosi. Tarehe 9, 103. Tarehe 16, 105. Jana, 107.

Kwa hiyo bado ni mbili, sivyo? Mteremko haujabadilika. Niandikie kwamba haujabadilika.

Baba yako mdogo


Shuleni
4 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama hajambo. Habari nyingine nitakupa siku nyingine.

Umebadilika. Zamani ilikuwa mbili kwa mwezi. Sasa ni mbili kwa wiki. Wewe unajua tofauti hiyo kuliko mimi. Namba peke yake haisemi kitu mpaka useme ni milimita kwa mwezi au kwa wiki, na nadhani ndiyo sababu uliiandika bila kusema.

Nimechora kipande kipya kuanzia tarehe 2 Mei. Kinasimama kama ngazi ukikilinganisha na kile cha mwanzo. Zimebaki milimita 13 kufika ukomo. Kwa mbili kila wiki ni wiki sita na nusu tangu tarehe 23 Mei. Inaangukia tarehe 7 Julai. Ukiisoma barua hii itakuwa imeshapita 111.

Nimepiga simu ya ofisini mara tatu, karani wako nampa salamu zake. Mara mbili alisema upo juu ya paa, mara ya tatu akauliza mimi ni nani kwako, nikasikia wengine wanasikiliza, nikakata. Kama ningemwambia karani yaliyomo, angeanza kumsimulia nani? Mitihani na usahihishaji vinaisha tarehe 5 Julai, siwezi kuwaacha watoto hawa kabla ya hapo. Tarehe 6 nitakuwa hapo. Tutakuwa na siku moja mkononi.

Lakini usinisubiri. Fanya matatu. Watoe wanawake kwenye kile chumba. Punguza maji. Na mwambie Mganga Mkuu nani alisoma timazi siku ya kwanza na alisoma nini. Bila hilo la tatu hawatakuamini hayo mawili.

Kama unamlinda Baba, nimekuruhusu usimlinde. Mimi ni mtoto wake, nina haki ya kuruhusu.

Mwanao


Wodi ya Mifupa
12 Julai

Mwanangu,

Mama yako mdogo alikupigia akakwambia mnara umeanguka na mimi ni mzima. Nilimwomba akuzuie usije mpaka usome hii. Yaliyobaki hayakufaa kupita kwenye simu. Naandika nimelala, nyonga imefungwa vyuma, vumilia mwandiko.

Barua yako niliipata tarehe 16 Juni. Niliisoma kwenye ngazi za karakana. Kesho yake nilikwenda kwa Mganga Mkuu nikamwambia maji yapunguzwe. Akauliza kwa nini. Nikasema mnara unakwenda mbio. Akasema mhandisi yuko safari, atarudi mwezi ujao, na upasuaji hauwezi kusimama kwa sababu ya hofu ya fundi bomba. Nikatoka. Sikusema lile la tatu. Nilijiambia mstari wa Mwalimu unanipa mpaka tarehe 7 Julai, na tarehe 6 yeye mwenyewe atakuwa hapa, ataongea vizuri kuliko mimi. Nilijilaza juu ya tarehe yako kama godoro.

Jumamosi tarehe 20 nilipima 117. Ilitakiwa iwe 115. Nikapima tena, nikafuta ncha ya timazi, nikapima mara ya tatu. Nikajiambia ni upepo.

Jumamosi tarehe 27, saa tatu asubuhi, 123.

Nilibandua grafu kabatini nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mganga Mkuu, yuko na kijiko mdomoni. Nikamwambia, "Siku ya makabidhiano timazi ilisoma ishirini na moja. Niliisoma mimi."

Akasema, "Jalada linasema sifuri. Na sahihi yako ipo."

"Ipo."

"Basi mmoja wenu ni mwongo, wewe wa leo au wewe wa siku ile. Nitajuaje ni yupi?"

Nikampa grafu. Ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa. Aliiangalia muda mrefu, akafuata mstari wako kwa kidole kurudi nyuma mpaka pembeni. Kisha akasema atavaa viatu, tuonane ofisini tumpigie mhandisi. Sikwenda ofisini. Nilikwenda kwenye chumba cha kufulia.

Mashine zinanguruma. Mama yako mdogo akaniona uso akazima moja. Nikasema, "Tokeni wote. Sasa hivi. Acheni mashuka."

"Kwa amri ya nani?" akauliza, ufunguo kiunoni.

"Ya kwangu. Huu mnara uliinama tangu siku ya kwanza na mimi nikaandika umenyooka."

Wanawake sita wananitazama. Miaka ishirini na sita ya ndoa, sijawahi kuona mama yako mdogo ananitazama hivyo. Akazima mashine ya pili, akawasukuma wenzake mlangoni mmoja mmoja, akafunga.

Mimi nikaenda kwenye koki kubwa ya kutolea maji. Ilikuwa imeshika kutu. Nilipoifungua yalitoka kama mto, uani kote maji, watu wanakimbia na viatu mkononi. Yalikuwa yamefika nusu. Nilianza kupumua.

Ndipo nikasikia Mama Pasi anacheka nyuma yangu, anasema, "Shemeji spana, umetutoa na pasi iko juu ya shuka! Itachoma nyumba." Kumbe kachukua ufunguo kwa mama yako mdogo. Nikamwambia acha ichome. Akasema, "Dakika moja," akaingia. Nilikuwa na koki mikononi, mwanangu. Ningeweza kuiacha nikamkimbilia. Niliwaza nikiiacha itajifunga. Haikuwa ya kujifunga. Naijua koki ile, niliipachika mimi mwenyewe. Lakini niliwaza hivyo.

Mnara haukuanguka kama mti. Ulikaa chini upande mmoja, kama mtu aliyechoka, halafu tangi la juu likateleza. Bomba lilinipiga nyonga. Yeye wakamtoa alasiri. Pasi ilikuwa imeshachomolewa.

Ameacha watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la nne.

Sasa nikwambie lililobaki, maana umeniruhusu nisimlinde baba yako, na ruhusa hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko bomba. Mimi sikuwa namlinda kaka. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu ilinipendeza.

Wiki ya kumwaga msingi, kaka alikuja huko kwenu, kwenye mahafali yako ya chuo. Aliniachia kazi. Alisema, "Upande wa mashariki umejaa maji ya mvua, usimwage mpaka ukauke na ushindiliwe." Mvua haikukatika. Vibarua wamekaa, gari la zege limefika. Nikamwaga. Aliporudi nikamwambia nilisubiri siku tatu. Hakuniuliza tena, mimi ni mdogo wake.

Siku ya ufunguzi, kabla wageni hawajaketi, yeye alikuwa juu ameshika uzi, mimi chini na rula. Nikasema kwa sauti, "Ishirini na moja." Akashuka akasoma mwenyewe. Akatazama upande wa mashariki, akanitazama mimi. Nilidhani atanipiga mbele ya watu. Akasema, "Wakijua, hutashika kazi tena." Akachukua kalamu akaandika sifuri, akatia sahihi, akanipa nami nitie. Hatukulizungumza mpaka anakufa. Ndiyo maana niliomba kazi hapa. Ndiyo maana ya daftari. Nilidhani kuangalia ni sawa na kufanya kitu.

Uchunguzi unaanza tarehe 3 Agosti. Mhandisi amekwisha kusema kosa ni la mjenzi, yaani baba yako. Naye hawezi kujibu. Nitasema ya msingi, hilo nimeamua. Lakini ile sifuri ni mwandiko wake. Ukitaka niseme niliiandika mimi, nitasema, na jina lake libaki safi kwa mama yako. Niambie wewe.

Baba yako mdogo


Shuleni
20 Julai

Baba Mdogo, shikamoo. Pole kwa maumivu.

Nilimsomea Mama barua yako yote. Aliomba nirudie pale Baba aliposhuka akatazama upande wa mashariki. Nilirudia. Akasema, "Nilijua kuna kitu alikuwa anakimeza," akaingia chumbani. Leo ndiyo kaamka akauliza kama unakula. Nikamwambia sijui.

Usiseme uliiandika wewe. Utasema yaliyotokea, ya mvua na ya kalamu, na nani alishika kipi. Baba alikupenda vibaya asubuhi ile. Kama bodi ingejua, Mama Pasi angekuwa ananyoosha mashuka sasa hivi. Nitakuwa nimekaa nyuma yako unapolisema, na wakinihitaji nitasimama na karatasi zangu.

Nitasema na langu. Mimi ndiye niliyekupa tarehe 7 Julai. Niliiandika kwa uhakika kama ratiba ya treni. Namba zilikuwa za wiki tatu tu, uzito mpya, msingi ninaoujua kuwa mbovu, nami nikauvuta mstari mbele kana kwamba mnara umeniahidi kuufuata. Nilihesabu siku za mitihani, nikapata nafasi ya siku moja, nikaridhika. Wanafunzi wangu wakifanya hivyo nawakata alama. Mama Pasi sikumjua, lakini kila nikishika chaki sasa hivi nasikia mtu anasema dakika moja.

Sijakasirika nawe. Au nimekasirika, na hasira yenyewe bado haijajua ikae wapi. Tutaonana nayo.

Nafika tarehe 30 kwa basi la asubuhi. Mwombe Mama Mdogo aniandikie kwenye karatasi nyumba ya wale watoto watatu, jina la mtaa na rangi ya mlango, aikabidhi kwa mlinzi wa geti. Asinisindikize. Nitaanzia huko. Nikitoka, ndipo nitakuja wodini kwako.

Mwanao